Maziwa ya Dada wa Chini

Mtoto alikuwa amecheua maziwa, na mama yake alikuwa akiapa kwamba hajamnyonyesha tangu alfajiri.

Insaf alilipangusa tone lile shingoni mwa mtoto kwa ncha ya kidole, kisha akalinusa, bila mwenyewe kujua kwa nini. Katika miaka yote ya kuingia na kutoka kwenye nyumba za wazazi hakuwahi kunusa maziwa ya mtu. Haya yalinuka udongo, ule udongo mweusi wa chini kabisa unaopanda na ndoo wachimba kisima wanapokaribia maji.

"Labda Hajati amempa kitu," alisema, akimtaja mama mkwe wa nyumba ile.

"Hajati yuko shambani tangu asubuhi," Wisal akajibu. "Humu ndani ni mimi na yeye tu."

Insaf alikuwa mhudumu wa zahanati ya kijiji cha Naga Sidra, na kazi yake haikuwa ya kukaa zahanati. Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kwa wanawake waliojifungua, hasa zile nyumba ambazo mambo yamekwama: mume yuko mbali, mtoto hakui, mama anashinda analia nyuma ya mlango. Alikuwa mjane, mwanawe mmoja ameshaoa huko Kairo, na yeye mwenyewe aliwahi kuzika binti mchanga zamani, kwa hiyo akikaa na mzazi hakuwa na haraka ya kuondoka. Alipima watoto, alionyesha namna ya kumweka mtoto kwenye titi, akaosha vyombo vilivyolala. Mara nyingi kazi yote ilikuwa kusikiliza.

Kwa Wisal alikuwa na mengi ya kusikiliza. Mumewe, Rifaat, alikuwa Jordan akibeba zege. Kabla ya huyu, Wisal alikuwa amezika watoto wawili, wote hawajafika hata kutambaa. Alipompata huyu wa tatu alifanya kama wanavyofanya wanawake wa Naga Sidra waliofiwa: alivua viatu, akazunguka mlango kwa mlango akiomba vitambaa vikuukuu vya kumvika, kisha akampa jina la Shahat, yaani ombaomba, ili asitokee wa kumtamani, wala katika wanaoonekana wala katika wasioonekana.

Sasa Shahat alikuwa ananing'inia kwenye kitambaa cha mizani, macho makubwa, mbavu zinahesabika, na mshale ulikuwa umerudi nyuma tena. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Lakini hakulia kwa njaa. Alikuwa na ule uzito wa kope wa mtoto aliyeshiba.

"Yananiuma, dada Insaf," Wisal alisema, akifungua vifungo vya gauni. Maziwa yalikuwa yamejaa hadi ngozi inang'aa, magumu, yamepata moto. "Nikimpa anageuza uso, kama mtu aliyetoka karamuni."

Insaf alimsaidia kuyakamua kwa kitambaa cha maji moto, na wakati wote ule alikuwa akifikiri. Aliporudi Hajati Nabawiya, mama mkwe, Insaf alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama anampa mtoto maji ya uwatu, au sukari, au kama kuna jirani anayekuja kumnyonyesha. Hajati aliapa kwa Msikiti wa Mtume aliouzuru alipohiji. Hakukasirika, na hilo ndilo lililomshtua Insaf, kwa sababu Hajati Nabawiya alikuwa mtu wa kukasirika.

"Mama ana maziwa, mtoto ameshiba, na mifupa inatokeza," yule mzee alisema. "Wewe ndiye unayezunguka nyumba za watu. Umewahi kuona?"

Insaf hakuwahi. Aliwapeleka kwa Daktari Wagih pale zahanati, naye akampima mtoto kwa makini, akaagiza vipimo mjini, na majibu yote yakarudi hayana kitu. Daktari alisema kinachomtia shaka zaidi ni mama. Mwanamke aliyezika wawili anaweza kuogopa kumshika wa tatu na asijue kama anaogopa. Alimwomba Insaf aende pale mara kwa mara, aende hata kama hakuna cha kupima. Lilikuwa wazo la mtu mwenye akili, na Insaf alilikubali.

Ndipo akaenda siku moja saa ya joto, ile saa ya mchana ambayo Naga Sidra yote inalala, mbwa wamejificha vivulini na hakuna hata bajaji njiani. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Uani alimkuta Wisal amelala ubavu juu ya mkeka chini ya ukuta, mdomo wazi, amechoka mno, na kifua cha gauni lake kimelowa mabaka mawili. Insaf hakutaka kumwamsha. Alivua viatu akaenda kwenye chumba cha ndani, kile chenye tanuri la mkate, ambako mtoto hulazwa kwa sababu sakafu yake ya udongo ina ubaridi.

Kabla hajafika mlangoni alisikia mtoto ananyonya.

Ilikuwa sauti anayoijua kuliko sauti zote duniani, ule mvuto na mmezo, mvuto na mmezo, na pumzi ndogo ya pua katikati, na juu yake mtu alikuwa akiimba bila maneno, kwa koo tu, taratibu, kama anayeimba huku ameinamisha kichwa. Insaf alifurahi. Kwa kupepesa jicho alifurahi kweli, akasema moyoni kwamba hatimaye mtoto amekubali ziwa, kisha akakumbuka kwamba Wisal yuko nyuma yake, uani, amelala, na Hajati yuko kwa dada yake ng'ambo ya mfereji, na mwili wake ukapoa kuanzia visigino, lakini miguu ilikuwa tayari imeshampeleka, na alipochungulia ndani ya kile chumba chenye giza la mchana alimwona Shahat juu ya blanketi lake, peke yake, kichwa chake kimenyanyuka kutoka chini kama kilicholala kwenye mkono wa mtu, shingo haikazi, mashavu yanaingia na kutoka, mdomo umeshika kitu ambacho hakipo, na maziwa, maziwa ya kweli, meupe, yanamtiririka kidevuni na kuingia kwenye udongo, na ile harufu ya kisima imejaa chumba kizima hadi inakaa ulimini, na wimbo unaendelea, unaendelea, mpaka ubao wa mlango ulipolia chini ya kiganja cha Insaf na wimbo ukakatika.

Kichwa cha mtoto kilishushwa. Hakikuanguka. Kilishushwa polepole, kwa uangalifu, kama anavyofanya kila mama asiyetaka kumwamsha mwanawe.

Insaf alimbeba Shahat akatoka naye mbio hadi uani, na kule alimkuta Wisal ameamka, ameketi, anamtazama.

"Umemsikia," Wisal alisema kwa kunong'ona. "Mwanzoni nilidhani ni mimi ninayeimba. Nilidhani nina wazimu. Wewe umemsikia, sivyo?"

"Nimemsikia."

Wisal aliinamisha uso magotini akalia, na katika kilio kile kulikuwa na nafuu, kwa kuwa sasa walikuwa wawili.

Kila mtu wa Naga Sidra anajua kwamba hakuzaliwa peke yake. Saa anayozaliwa binti juu ya ardhi, mwingine anazaliwa chini yake, wa kijini, sura moja naye, na wanakua pamoja bila kuonana. Ndiyo maana mtoto akijikwaa, wanawake wanamwombea yeye na dada yake wa chini, asije akawa amemwangukia. Insaf alikuwa akisema maneno hayo kila siku bila kuyafikiria, kama mtu anavyoitikia chafya. Kwenye mafunzo ya zahanati waliambiwa wawaondolee akina mama hofu hiyo, na yeye aliwaondolea wengi, kwa upole, kwa miaka.

Sasa alikwenda mwenyewe kumwita Bi Dawlat, mwanamke wa makamo anayewatuliza wenye mashetani kwa ngoma na ubani.

Bi Dawlat alikuja alasiri, hakuja na ngoma. Alisema anataka kwanza kujua anaongea na nani. Aliwaketisha Wisal na Hajati na Insaf ukutani mwa chumba cha tanuri, akaweka chetezo katikati, akatia ubani. Moshi ulipanda kiasi cha kimo cha goti. Kisha ukapinda, ukashuka, ukatandaa juu ya sakafu kama maji, na wote wanne wakautazama ukiingia kwenye nyufa za udongo, wote, bila kubaki hata uzi mmoja. Hajati alianza kusoma aya kimoyomoyo. Bi Dawlat alilala kifudifudi, sikio chini, akazungumza muda mrefu kwa sauti ya kawaida kabisa, kama majirani wanavyosemezana kupitia ukuta. Alinyamaza, akasikiliza, akaguna, akauliza tena. Alipoinuka uso wake ulikuwa umekunjana, na alianza kukusanya vitu vyake kabla hajasema lolote.

"Huyu si mgeni nimfukuze," alisema. "Mgeni nampa anachotaka, anaondoka. Huyu amezaliwa nawe, mwanangu. Nimfukuzie wapi?"

"Anataka nini?" Wisal aliuliza.

Bi Dawlat aliwaeleza. Kila Wisal alipochukua mimba, wa chini naye alichukua. Wisal alipozika, naye alizika, mara ya kwanza na mara ya pili, wakalia pamoja bila kujuana. Mara hii wa juu amepona na wa chini amekufa. Ana maziwa na hana mtoto. Hana chuki na mtu. Ameyasikia maziwa yake yanamwasha, akamsikia mtoto analia juu yake, basi.

"Lakini maziwa ya kule hayajengi mwili wa huku," Bi Dawlat alisema. "Mtoto anashiba kivuli. Nimemwambia. Anajua. Anasema hawezi kujizuia."

Wisal alikuwa akimtazama Shahat, na Insaf alimwona akifika mahali fulani ndani ya nafsi yake, akasimama hapo.

"Mtoto akienda pengine," alisema, "atamfuata?"

Bi Dawlat alifunga kifuko chake, akakifungua, akakifunga tena. Mwisho akasema wa chini amefungwa kwa Wisal, hakufungwa kwa mtoto. Aliko Wisal yuko. Asikokwenda Wisal hawezi kwenda.

"Basi aende, mimi nibaki."

"Mwanangu, fikiri. Mtoto akiondoka, yeye atabaki na nani? Atabaki na wewe."

Hajati alimletea Bi Dawlat chai, naye hakuigusa. Aliaga akiwa ameshavuka kizingiti.

Insaf alirudi zahanati akaomba barua ya kumlaza mtoto mjini, kwenye wodi ya watoto waliodhoofika. Daktari Wagih aliitoa papo hapo. Alikuwa anataka hilo tangu mwanzo. Aliuliza kwa nini mama haendi naye, Insaf akasema mama ni mgonjwa, na halikuwa uongo. Yeye mwenyewe aliomba likizo ili akae na mtoto, kwa sababu magoti ya Hajati yasingemruhusu kulala wodini.

Siku ya kumtoa ilikuwa siku ya mikate. Wisal ndiye aliyepanga hivyo. Alikaa sakafuni mbele ya tanuri, beseni la unga miguuni, akaanza kuukanda kwa nguvu, anaupiga, anaugeuza, anaupiga, huku akiimba kwa sauti kubwa nyimbo za harusi. Mikono ya gauni ilikuwa imekunjwa, na kwenye kifundo cha mkono wake wa kushoto kovu la tanuri, jekundu, lililopinda kama ukucha, lilikuwa likipanda na kushuka na unga. Mapajani alikuwa ameweka kitambaa cha Shahat, amekiviringisha juu ya mto mdogo. Alikibembeleza kwa goti.

Shahat mwenyewe alikuwa mikononi mwa Insaf, nyuma ya mlango, amelala.

Hawakuwa wameagana. Wisal alikuwa amekataa kumbusu mtoto asubuhi ile, kwa hofu kwamba wa chini angeisikia busu ya kuaga. Usiku uliopita ndio alimwambia Insaf yote, kwa kunong'ona: kwamba anapenda kusuguliwa nyuma ya sikio, kwamba asilazwe chali, kwamba akikohoa, Insaf asiogope. Sasa aliimba tu. Insaf alipokanyaga nje aligeuka mara moja. Wisal hakuinua macho, lakini wimbo ulipanda juu zaidi, hadi ukapasuka katikati, akaanza mwingine.

Mjini Shahat alikunywa maziwa ya chupa kama mtu aliyetoka jangwani. Usiku wa kwanza alilia kwa njaa, kilio cha hasira, na Insaf akakaa kitandani akitokwa machozi kwa furaha ya kile kilio, hadi muuguzi wa zamu akamuuliza kama yu mzima. Utosi ulianza kujaa. Mapaja yakapata mkunjo. Mtoto alianza kumfuata mtu kwa macho.

Kila jioni Insaf alipiga simu. Mwanzoni Wisal alipokea kabla haijaita, akataka kujua kila kitu, amekunywa kiasi gani, amelia, amecheka. Kisha alianza kunong'ona.

"Anamtafuta," alisema. "Namsikia chini, anazunguka. Anapita chini ya kila chumba."

Siku nyingine alisema yule wa chini amepanda. Hakueleza amepanda vipi. Alisema tu kwamba ameketi karibu naye na anamuuliza mtoto ameenda wapi, na kwamba yeye hajamwambia. Insaf alimsihi aondoke, aende kwa Bi Dawlat, aende popote, na Wisal akasema kwa uchovu kwamba akienda popote ataenda naye, afadhali wakae nyumbani. Insaf aliomba aongee na Hajati. Hajati alisema hakuna kitu, mkwe wake anakula na kulala, isipokuwa amekuwa na tabia ya kupakua sahani mbili.

Siku moja Wisal alisema, na sauti yake ilikuwa karibu na usingizi, "Jana alinichana nywele. Nilikuwa sijachana tangu mtoto aondoke. Ana mikono mizuri, dada Insaf. Anasema nimechoka sana, nipumzike kidogo, yeye atakaa badala yangu."

"Usilale," Insaf alimwambia. "Wisal, unanisikia? Nakuja kesho. Usilale."

Lakini kesho yake Shahat alipata homa ya wodini, na daktari wa watoto akakataa aachwe peke yake. Insaf alipopiga simu haikupokewa. Ilipopokewa, siku ya pili yake, sauti ilikuwa angavu, ya mtu aliyeoga.

"Nimepona, dada Insaf. Mlete mwanangu."

Sauti ile haikuuliza mtoto amekula nini.

Hospitali haiwezi kukaa na mtoto mzima, na mhudumu wa afya hana haki ya kumficha mtoto wa watu. Homa iliposhuka walimwandikia kutoka. Rifaat alipiga simu kutoka Jordan akimshukuru Insaf kwa kumfanyia mwanawe wema huo, akasema ameongea na mkewe na hajawahi kumsikia na furaha hivyo. Insaf alipanda treni ya mchana, mtoto kifuani, na njia nzima alikuwa akijiambia kwamba watu hupona.

Alimkuta amesimama mlangoni anawangoja. Alikuwa amepaka hina, gauni limepigwa pasi, uani pamefagiliwa hadi njiwa wanaogopa kutua. Alikuwa Wisal kwa kila kitu, macho, meno, ule mwinuko wa bega moja. Alinyoosha mikono, na Shahat, aliyekuwa amelala, alifumbua macho akavuta pumzi ya pua, akajirusha kwake kwa mwili wake wote. Yule mwanamke aliketi palepale kizingitini akampa ziwa. Mtoto akalishika. Akameza, akavuta, akameza, na yule mwanamke akainamisha kichwa akaanza kuimba bila maneno, kwa koo tu.

Kovu la tanuri lilikuwa kwenye mkono wa kulia.

Insaf aliendelea kusimama juani. Alitaka kumpokonya mtoto na alijua hana mahali pa kumpeleka. Mwanamke aliinua uso akamtazama kwa upole mkubwa, upole wa mtu mwenye shukrani.

"Ingia upumzike, dada," alisema. "Umebeba mzigo mkubwa."

Insaf alimfuata Hajati Nabawiya jikoni, akamshika mkono, akamwambia kwamba yule si Wisal. Yule mzee alikuwa akisafisha majani ya mlenda na hakuacha kuyasafisha.

"Najua," alisema.

"Hajati."

"Nilimlea yule miaka saba ndani ya nyumba hii, nitaacha kumjua?" Aliongea chini sana, macho kwenye majani. "Niliamka nikamkuta huyu anawasha tanuri. Nikamtazama, akanitazama. Nikamwambia habari ya asubuhi. Ungefanya nini wewe?"

"Wisal yuko wapi?"

"Unapajua alipo." Mikono ya mzee ilitulia kidogo. "Nimezika wajukuu wawili, mwanangu. Yule alikuwa mtu wa kushinda analia tu. Huyu ana mwili sasa, maziwa yake ni maziwa. Mtoto atakua. Usinichukulie mtoto."

Na mtoto alikua. Insaf alienda kila wiki kwa sababu ndiyo kazi yake, na kila wiki mshale ulikwenda mbele. Mashavu yakajaa, akaketi, akaanza kuburuta matako uani akifukuza njiwa. Bi Dawlat aliposikia alisema hakuna analoweza, akamwomba Insaf asimtajie tena. Daktari Wagih alifurahi, akawaambia wahudumu wengine waone nyumba iliyookoka kwa kutembelewa. Rifaat alikuja likizo akawachinjia majirani kondoo, na alipoondoka mkewe alikuwa mjamzito. Hakuna aliyeona kitu. Au walioona walifanya kama Hajati.

Siku moja Insaf alifika akakuta nyumba haina mtu, wote wamekwenda kumpongeza jirani aliyerudi hija. Alipaswa kuondoka. Badala yake aliingia kwenye chumba cha tanuri, akapiga magoti, akaweka kiganja juu ya sakafu, akaita jina la Wisal.

Alingoja hadi magoti yakaanza kuuma. Ndipo sauti ikaja, kutoka mbali, kutoka chini ya udongo, sauti ya mtu anayesemea ndani ya mto.

"Ameota jino?"

Insaf alilala kifudifudi, shavu chini. "Mawili," alisema. "Ya mbele, chini."

"Anauma?"

"Anauma kila kitu. Ameniuma mimi."

Chini kulikuwa na kitu kama kicheko, au pumzi. Kisha Insaf akahisi shavu lake limelowa. Alidhani ni machozi yake. Alipogusa sakafu kidole kilirudi cheupe. Udongo wote uliozunguka mkono wake ulikuwa ukitoa unyevu, polepole, na harufu ya kisima ikaanza kupanda.

"Maziwa yananiuma, dada Insaf," sauti ilisema, karibu zaidi sasa, chini ya kiganja chake kabisa. "Mlaze hapa kidogo. Alipokuwa akilala zamani. Mlaze hapa, namsikia akipita juu yangu, namsikia, siwezi kujizuia."

Insaf aliufunga mdomo wake kwa mtandio. Kisha akakiondoa kiganja juu ya udongo ule wenye maji.

"Siwezi, Wisal," alisema.

Alichota majivu ya tanuri akayamwaga juu ya unyevu, akayasambaza kwa mguu. Nyuma yake jina lake liliitwa, mara moja, kisha tena, na mara ya tatu halikuwa jina lake, lilikuwa jina la mtoto.

Alimkuta Hajati anaingia kwa mlango wa mbele, na nyuma yake yule mwanamke na Shahat mgongoni, anacheka. Insaf aliwasalimia, akampima mtoto, akaandika. Wakati wa kuaga alimwambia Hajati kwamba mtoto sasa ni mkubwa, wamnunulie kitanda cha miguu mirefu, kirefu kadiri watakavyopata, na asilazwe tena sakafuni hata mara moja, hata mchana.